Fundi Tayyar Korkut, Aliyetoa Tope Katika Rejeta Zetu

Tarehe 31 Januari mwaka huu Fundi Tayyar Korkut anastaafu, baada ya kuzihudumia Nyumba za Ushirika za Akpınar hapa Erzurum kwa miaka thelathini na miwili. Majengo sita, milango tisini na sita na rejeta za ukutani za kupashia nyumba joto zaidi ya mia nne zimepita mikononi mwake, nyingine mara mbili, nyingine mara tano. Kamati ya Ushirika imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya hafla ya leo. Nimeuliza watu wengi, na nimeandika yale tu niliyoyaona au niliyothibitishiwa.

Fundi Tayyar alizaliwa katika kijiji kimoja cha Tortum, mtoto wa nne wa mfuga nyuki. Alipofika hapa alikuwa na miaka ishirini na tisa, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchochea makaa katika chumba cha chini cha Jengo la Kwanza. Siku hizo tanuri moja kubwa lilipasha moto maji ya majengo yote sita. Katika kila ngazi palikuwa na tangazo aliloliandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: "Ni marufuku kuchota maji ya rejeta." Maji yale yalikuwa ya wote. Aliyechota ndoo moja ya kufulia alikuwa amewaibia joto majirani tisini na watano.

Gesi ilipoingia, tanuri lilizimwa na kila nyumba ikapata boila lake dogo la kupashia maji moto, ukutani jikoni. Wachocheaji wenzake wawili walitafuta kazi kwingine. Yeye, akiwa na miaka arobaini na moja, alikwenda shule ya ufundi na kuketi dawati moja na vijana wa miaka kumi na minane. Mtihani wa kuandika alianguka mara ya kwanza. Mara ya pili alifaulu, na marehemu mkewe alipika halua ya unga akaigawa ngazi nzima. Siku hiyohiyo Fundi alipanda majengo yote sita na kuyang'oa matangazo yake mekundu, kwa kuwa sasa kila mtu alikuwa na maji yake.

Maboila yalikuwa mapya, lakini rejeta na mabomba yalibaki yale yale ya zamani. Hapo ndipo kazi iliyompa jina ilipoanza. Maji yanayozunguka ndani ya chuma hukila chuma hicho kidogo kidogo. Kutu inageuka tope jeusi, laini kama wanja, linatulia chini ya rejeta na kukaa. Rejeta inakuwa ya moto juu na ya baridi chini, boila linanguruma kama birika lililosahauliwa, na mwenye nyumba anavaa koti akiwa sebuleni kwake.

Kulitoa tope hilo ni kazi ya siku nzima. Fundi huunganisha mashine yake kwenye mabomba, hutia dawa, huyasukuma maji upande mmoja kisha upande wa pili, huku akigongagonga kila rejeta kwa nyundo ya mpira. Maji machafu hutoka kwa bomba la mpira hadi chooni. Watu wengi wanaridhika maji yakianza kupauka. Fundi hakuridhika kamwe. Alijaza glasi kwa maji yanayotoka, akatumbukiza sumaku ndogo ndani yake, na kunywa chai moja akiwa ameng'ata kipande cha sukari kama tunywavyo wote hapa. Chai ikiisha aliitoa sumaku. Ikiwa imeota ndevu nyeusi, aliwasha mashine upya.

Sajini Haydar wa Jengo la Pili, mwanajeshi mstaafu, aliwahi kumharakisha. "Inatosha sasa, Fundi! Maji yamekuwa kama chai."

"Kama ni chai, Sajini, karibu unywe," Fundi akamjibu na kumsogezea glasi.

Mke wa Sajini alicheka hadi akakaa chini, na hadithi hiyo inasimuliwa kila vuli.

Jambo jingine ambalo kila mama wa hapa analijua ni ndara zake. Alibeba jozi mbili mfukoni: moja ya kuingilia, na moja ya kuvaa baada ya kazi, ili asirudi mlangoni na nyayo nyeusi. Hajawahi kuacha doa kwenye zulia la mtu. Na hajawahi, katika usafishaji zaidi ya mia tano, kuitwa tena katika nyumba ile ile ndani ya baridi ile ile. Hilo ndilo lilikuwa jina lake, na alilipenda kuliko cheti chake.

Wiki tatu kabla ya kustaafu, jina hilo lilikaribia kupotea. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 10 Januari, katika Jengo la Nne, mlango wa kumi na moja. Mlango huo ni wa kwetu, kwa hiyo siwezi kuliacha jambo hili nje.

Mama yangu alijifungua kabla ya wakati, mwanzoni mwa Desemba. Mdogo wangu Yekta alizaliwa na kilo moja na robo tatu, akawekwa hospitalini ndani ya kisanduku cha kioo chenye joto, na mama akakaa naye huko. Ijumaa hiyo ilikuwa siku yake ya thelathini na tisa. Daktari alikuwa tayari kumruhusu aje nyumbani, kwa sharti kwamba chumba chake kiwe na nyuzi ishirini na nne za joto. Nje palikuwa na nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.

Nesi Songül wa kituo cha afya alikuja saa mbili na nusu asubuhi, akaweka kipimajoto chake juu ya kitanda cha mtoto katika chumba cha nyuma, akasubiri. Kilionyesha kumi na sita.

"Bibi, hapa mtoto haji," alimwambia bibi yangu Zekiye.

"Tumewasha boila tangu alfajiri. Linanguruma, linazima. Na hita ya umeme je?"

"Hita inakausha hewa. Na umeme ukikatika? Mapafu yale ni kama karatasi, Bibi. Nitapita tena saa kumi alasiri nikimaliza mzunguko wangu. Ikiwa ishirini na nne, napiga simu wanatoka leo. Isipofika, daktari anayesaini anarudi Jumatano."

"Jumatano! Mjukuu wangu amalizie arobaini yake ndani ya kioo, kama keki ya dukani?"

"Mimi sipangi baridi, Bibi."

Fundi Tayyar aliitwa, akaja pamoja na Mwenyekiti wa Ushirika, Mwalimu Cevdet, aliyekuwa amebeba kitabu cha kazi kwapani. Mwalimu Cevdet alifundisha hesabu miaka mingi na hapendi jambo linalobaki bila sababu. Fundi alivaa ndara, akapitisha kiganja juu ya rejeta ya chumba cha nyuma kutoka juu kwenda chini. Juu ilikuwa vuguvugu. Katikati mkono ukasimama. Chini ilikuwa baridi kama kokoto za mtoni.

"Hii si ndiyo nyumba uliyoisafisha Oktoba?" Mwenyekiti aliuliza.

"Ndiyo hii."

"Miezi mitatu tu. Imekuwaje?"

"Sijui bado, Mwalimu."

"Kuna fundi mmoja wa mjini ana mashine mpya. Nimempigia, hawezi kuja kabla ya Jumatatu. Nimwambie aje?"

"Mwambie ukipenda. Lakini mtoto anakuja leo."

"Unaahidi?"

Watu wote niliowauliza wanasema Fundi hajawahi kuahidi saa. Siku zote alisema itakwisha ikiisha. Safari hii alimtazama Nesi Songül, aliyekuwa anafunga kamba za viatu vyake mlangoni, akasema, "Saa kumi chumba hiki kitakuwa na joto. Nikishindwa, andika kitabuni kwamba Tayyar alisafisha vibaya na akashindwa kurekebisha."

"Nitaandika, kaka Tayyar. Unanijua nitaandika."

"Ndiyo maana nimekwambia wewe."

Kwanza alitoa nusu glasi ya maji kwenye rejeta. Oktoba alikuwa ametia dawa ya kuzuia kutu, ambayo huyapa maji rangi ya samawati hafifu na hukaa humo kwa miaka. Maji yaliyotoka yalikuwa ya kijivu, bila hata kivuli cha samawati. Aliyanusa. "Maji mageni," alisema polepole. Alipiga magoti akatafuta sakafuni kama kuna mahali panapovuja. Palikuwa pakavu. Kisha akagusa koki ndogo ya kutolea hewa pembeni mwa rejeta. Koki za nyumba nyingine huwa zimepauka kwa vumbi na rangi. Hii ilikuwa inang'aa kwa kushikwashikwa.

Aliinuka, akatazama nje kupitia mlango wa roshani. Zulia letu kubwa lilikuwa limeanikwa kwenye reli, limeganda kama ubao, na ukingoni lilikuwa na doa la kijivu. Alilitazama zulia, akamtazama bibi yangu aliyekuwa anavunja sukari kwa koleo lake dogo, kisha akavuta pazia la roshani mpaka mwisho, kabla Mwenyekiti hajageuka.

Nieleze hapa kile ambacho Fundi alikuwa amekwisha kukielewa. Tangu Yekta azaliwe, bibi alikuwa anafua kila kitu ndani ya nyumba kwa ajili yake: mazulia, magodoro ya sufu, mapazia, hata mfuko wa vibanio vya nguo. Maji ya moto ya bombani huchelewa kufika. Maji ya rejeta yapo hapohapo, ya moto, na kwa maneno yake mwenyewe, "yamelala tu humo ndani hayana kazi." Aliyachota ndoo kwa ndoo. Sindano ya kipimo cha presha iliposhuka, alifungua koki iliyo chini ya boila na kujaza maji upya, kama Fundi mwenyewe alivyomfundisha. Kila ndoo ya maji mapya iliingia na hewa mpya, na kila hewa mpya ilizaa kutu mpya. Bibi hakujua. Alidhani anaiandaa nyumba.

Na Fundi hakusema. Kama angesema neno moja tu, kitabu kingemwacha salama. Alifungua sanduku lake la vifaa.

Saa nne mashine ilianza kazi. Boila lilizimwa, na baridi ikaanza kupenya madirishani. Rejeta ya jikoni ilitoa maji meusi kama wino, ikapauka, ikapita. Ya sebuleni ikapita. Ya chumba cha wazazi wangu ilibisha, akaigonga kwa nyundo ya mpira kama mtu anayempigapiga mtoto mgongoni acheue, nayo ikapita. Mwenyekiti alikwenda msikitini. Adhana ya Ijumaa ilisikika, Fundi akatazama dirisha, akatazama saa, akapiga magoti tena mbele ya rejeta ya chumba cha nyuma.

Hiyo haikupita. Ilikuwa kuukuu, ya enzi za makaa, na maji yaligonga pale kama yamekutana na ukuta. Aliyageuza upande wa pili, hayakupita. Aliongeza nguvu. Sindano ilipanda, mashine ikalia, na kwenye mshono wa chini wa rejeta pakatokea tone moja la rangi ya kutu. Likakua. Fundi aliizima mashine kwa kasi ambayo sikuijua kwa mtu wa umri wake.

"Ikiendelea itapasuka," alisema, "na chumba cha mtoto kitakuwa bwawa."

Mwenyekiti alirudi saa saba na nusu, theluji mabegani. "Nunua mpya tuiweke."

"Mpya hazilingani na mabomba haya. Itabidi kukata na kuchomelea. Ni kazi ya siku mbili."

"Basi?"

"Basi inang'olewa. Inaoshwa kwa mkono."

Kipimajoto ambacho Nesi alituachia kilionyesha kumi na mbili.

Rejeta ile ina uzito wa mbuzi wawili. Mwalimu Cevdet ana mgongo mbovu, kila mtu anajua. Aliweka kitabu juu ya kitanda cha mtoto, akavua koti, akashika upande mmoja. Walitembea nayo ukumbini kinyumenyume, hatua kwa hatua, midomo ya rejeta imezibwa kwa matambara isidondoshe maji.

"Polepole, Mwalimu. Pumua."

"Usinifundishe kupumua. Tembea!"

Waliilaza ndani ya beseni kubwa la bafuni, lile lile alimofulia bibi. Fundi aliingiza mpira, akafungua maji, akaanza kuigonga. Kwa muda hapakutoka kitu. Kisha rejeta ikatoa sauti kama ya mtu anayejisafisha koo, na bonge jeusi likadondoka, kubwa kama ini la kondoo, likafuatwa na jingine. Bafu lote likawa jeusi.

"Astaghfirullah," bibi alisema, birika la maji ya moto mkononi. "Haya yote yalikuwa chumbani kwa mtoto?"

Mwenyekiti alikuwa amejishika kiuno. "Na hii ilisafishwa Oktoba! Fundi, niambie ukweli. Oktoba uliing'oa hii?"

"Sikuing'oa. Niliipitishia mashine, glasi ikaonyesha safi, nikaondoka."

"Kwa hiyo tope la zamani ulilibakiza humo."

"Lilibaki."

"Na miezi mitatu limekuwa hivi? Hakuna sababu nyingine?"

Fundi aliendelea kugonga. "Kosa langu, Mwalimu. Andika."

Bibi alikuwa anatazama maji yanayoingia kwenye tundu la beseni. Birika lilikuwa limeinama mkononi mwake na halimwagi kitu. Maji hayo yalikuwa ya kijivu ile ile aliyoiona kwenye ukingo wa zulia lake, akashindwa kuitoa kwa sabuni.

"Mama, mimina," Fundi alimwambia kwa upole. Akamimina.

Saa nane na robo rejeta ilirudi ukutani. Fundi alizungushia nyuzi za katani kwenye viungio, akakaza, akafungua maji. Kiungio kimoja kilivuja. Alifungua, akazungushia tena, akakaza. Kikauka. Alisukuma maji nyumba nzima, yakatoka meupe, naye akajaza glasi na kutumbukiza sumaku.

"Huna wakati wa glasi!" Mwenyekiti alipiga kelele. "Ni saa tisa kasoro dakika kumi. Washa!"

"Nikiliacha tope ndani, litaziba wiki ijayo, mtoto akiwa kitandani."

Bibi alimletea chai. Fundi hakuinywa kwa haraka wala kwa kuchelewa, aliinywa kama siku zote. Sumaku ikatoka na ndevu. Ndevu fupi, lakini ndevu. Mwenyekiti alifumba macho. Mashine ikawashwa tena kwa dakika kumi, glasi ya pili ikajazwa, na safari hii Fundi aliisubiri bila chai, midomo ikitikisika kwa dua. Sumaku ikatoka tupu.

Alitia dawa, akajaza presha, akawasha boila saa tisa na dakika ishirini. Lilinguruma, na sote tukangoja lizime. Halikuzima. Kisha Fundi akapita nyumba nzima akizifunga rejeta nyingine zote, sebule, jikoni, vyumba vyote, ili moto wote wa boila uende mahali pamoja. Tukafunga mlango wa chumba cha nyuma na kukaa nje yake ukumbini, tumevaa makoti, kama watu wanaosubiri nje ya chumba cha kujifungulia. Fundi alitumia muda huo kuswali adhuhuri aliyoichelewesha, juu ya mkeka kando ya sanduku lake la vifaa.

Nesi Songül aligonga saa kumi kamili. Aliingia chumbani peke yake, akakitazama kipimajoto, akatoa kichwa. "Ishirini na tatu."

"Nyuzi moja, Songül!" bibi alisema. "Nyuzi moja, binti yangu! Nitaipuliza mwenyewe kwa mdomo!"

"Nilisema ishirini na nne, Bibi." Nesi alimtazama Fundi, uso wake mweusi kwa tope na ndara zake safi miguuni. Akavuta kiti, akaketi. "Lakini nimepanda ngazi nyingi leo na miguu inaniuma. Kama kuna chai, nitakunywa."

Alikunywa moja. Alikunywa ya pili. Hakuna mgeni aliyewahi kuhudumiwa chai kwa kutazamwa na macho mengi kiasi hicho. Alipogeuza glasi na kulaza kijiko juu yake, kuonyesha ametosheka, alirudi chumbani akiwa na simu mkononi, na tukamsikia akisema na hospitali: "Ishirini na nne na nusu. Ndiyo. Waambie wamfunike vizuri."

Bibi alianza kulia. Mwenyekiti alichukua kitabu chake kutoka kitandani, akaandika hapohapo akiwa amesimama, kwa sababu ndivyo alivyo: "10 Januari. Jengo la Nne, mlango 11. Rejeta iliziba. Sababu: usafishaji wa Oktoba haukukamilika. Kosa la Fundi, amekiri." Fundi aliweka sahihi.

Kabla ya kuondoka alifanya jambo moja dogo. Aliing'oa koki ile inayong'aa na kuweka mahali pake nyingine isiyofunguka ila kwa ufunguo, na ufunguo akautia mfukoni mwake.

"Mama, sindano ya presha ikishuka, niite. Usijaze mwenyewe."

"Si wewe uliyenifundisha kujaza?"

"Ni mimi," alisema. "Nilikufundisha nusu."

Yekta aliingia nyumbani saa kumi na mbili, amefungwa mablanketi matatu, na alilala usiku kucha.

Siku tatu baadaye bibi aliniomba nimsomee kitabu changu cha kemia, mahali panapoeleza kutu. Nilimsomea kuhusu chuma, maji na hewa. Alinitaka nisome mara ya pili. Kisha akavaa shali yake, akashuka ngazi mwenyewe hadi kwa Mwenyekiti, akamwambia afute ule mstari kwenye kitabu kwa sababu ndoo zilikuwa zake.

Mwalimu Cevdet alikuwa tayari kufuta. Aliyekataa ni Fundi. "Kilichoandikwa kimeandikwa," alisema. "Mama yule ana miaka sabini na tisa. Atasemwa kila ngazi."

"Nisemwe na nani?" bibi alijibu. "Watanisema huku wameshika ndoo zao?"

Mwenyekiti alicheka, akarudi kwake, akainama kwenye rejeta ya chumba chake. Koki ilikuwa inang'aa. Mkewe, Bi Mualla, alisema maji ni ya kuoshea ngazi tu, na siku za Alhamisi tu. Mwenyekiti, ambaye hapendi jambo linalobaki bila sababu, aliomba ruhusa ya kutazama nyumba zote. Koki zinazong'aa zilikuwa thelathini na nane.

Hivyo ndivyo Fundi Tayyar alivyotumia wiki zake mbili za mwisho kazini. Aligonga milango thelathini na nane, akavaa ndara, akabadilisha koki, akaonyesha jinsi ya kusoma sindano, na katika milango yote thelathini na nane hakumuuliza mtu yeyote swali lolote. Mashahidi wangu katika hili ni wengi, na wengi wao leo wameinamisha macho kwenye karatasi hii.

Kwa hiyo Kamati imekubali, baada ya mjadala, kwamba kitabu kirekebishwe hapa, mbele ya wote, kwa maneno ya mwenyewe. Bibi Zekiye ameketi safu ya mbele. Nilimuuliza kama nimtaje kwa jina, akaniambia nisipomtaja atasimama aseme mwenyewe, tena kwa sauti. Maneno yake ni haya: "Maji niliyachota mimi, kwa ajili ya mjukuu wangu. Tayyar alijua tangu asubuhi. Hakusema neno, na mimi nilisikia kila neno."

Fundi Tayyar, tunajua ulitaka mambo yaishe kimya, nasi tumekukatalia. Usafishaji wako wa Oktoba ulikuwa kama kazi yako ya miaka thelathini na miwili, na kuanzia leo kitabu kinasema hivyo, kwa hati ya Mwalimu Cevdet na sahihi ya bibi yangu. Tunakushukuru kwa niaba ya milango yote tisini na sita. Mikono yako idumu na afya, nyuki wa baba yako wakupokee vizuri huko Tortum, na Mungu akupe majira mengi ya baridi ambayo mtu mwingine ndiye anayeamka kuwasha moto.

Rumeysa, Jengo la Nne, mlango wa kumi na moja